Koili ya kuwashia: maana, matumizi, upimaji na ubadilishaji

koili, nomino, ngeli ya I-ZI (koili hii, koili hizi).
1. Waya uliozungushwa mara nyingi ili kutoa sumaku au joto: koili ya jiko la umeme.
2. Kifaa cha gari la petroli kinachopandisha volti ndogo za betri kuwa volti nyingi za kurusha cheche kwenye plagi: Koili imekufa, gari haliwaki.
3. Springi ya mzunguko inayobeba uzito wa gari. Hutumika zaidi katika tungo "koili springi".

Makala hii inahusu maana ya pili, ambayo kwa uwazi huitwa "koili ya kuwashia". Mifano yake inatoka Same na Milima ya Upare, mkoani Kilimanjaro, ambako Land Rover za zamani zimebeba abiria na mizigo kwa miongo mingi katika barabara za vumbi na matope zinazopanda Vudee, Chome na Mbaga. Mazingira hayo huifichua koili mbovu upesi, na pia hufichua utata wa neno moja ambalo mfasiri wa maandishi ya ufundi hawezi kulikwepa: "moto".

Umbo na matamshi

"Koili" ni mkopo kutoka Kiingereza. Katika lugha chanzi neno hilo lina silabi moja yenye irabu mbili zilizoungana na huishia kwa konsonanti. Kiswahili kimezitenga irabu hizo na kuongeza irabu ya mwisho, hivyo neno limepata silabi tatu: ko-i-li. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani -i-. Njia hiyo hiyo imefuatwa na "oili". Majina mengine ya gereji yamepata irabu ya mwisho kwa namna iyo hiyo: plagi, swichi, shoti, pointi.

Vitenzi na virai vinavyoyazunguka majina hayo, kwa upande mwingine, ni vya Kiswahili chenyewe. Koili hufa, huungua, huchoka, hukata moto au hupiga shoti. Mwanafunzi anayejifunza lugha ya gereji hatapata taabu kubwa katika nomino, kwa kuwa nyingi anaweza kuzikisia. Ugumu utakuwa katika vitenzi vya kawaida vilivyopewa kazi mpya.

Kazi ya koili

Betri ya gari hutoa volti 12. Baadhi ya magari ya zamani, kama Volkswagen Beetle nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 1967, yalitumia volti 6. Volti hizo haziwezi kuruka uwazi wa plagi. Cheche huhitaji maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 10,000, na koili ndiyo inayozizalisha.

Ndani ya koili mna mizingo miwili ya waya juu ya kiini cha chuma. Mzingo wa kwanza ni wa waya mnene uliozungushwa mara mia kadhaa. Wa pili ni wa waya mwembamba sana uliozungushwa maelfu ya mara. Umeme wa betri unapopita katika mzingo wa kwanza, kiini hugeuka sumaku. Umeme huo unapokatwa ghafla, sumaku huporomoka na kuzalisha volti nyingi katika mzingo wa pili. Kanuni hii ilionyeshwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilikuwa na koili nne, moja kwa kila silinda, ndani ya visanduku vya mbao. Mfumo wa koili moja, betri na pointi uliobuniwa na Charles Kettering uliingia katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910, kisha ukaenea duniani kote.

Kazi ya kukata umeme hufanywa na "pointi", yaani vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana kadiri injini inavyozunguka. Kando yake kuna "kondensa" inayozuia pointi zisiungue na kusaidia umeme ukatike upesi. Volti nyingi hutoka koili kupitia waya mnene wa katikati, huingia kwenye kifuniko cha distribyuta, na rota huzigawa kwa plagi moja baada ya nyingine. Injini ya petroli ya silinda nne ya Land Rover ya zamani, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, hupokea cheche kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Injini ya dizeli haina koili ya kuwashia, kwa kuwa mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Msomaji akikuta "plagi" katika maelezo ya Land Rover ya dizeli, ajue kuwa ni plagi za kupasha joto wakati wa kuwasha wala si za cheche.

Kuitambua koili

Koili ya magari ya zamani ni kopo la chuma la mviringo linaloenea kiganjani, lililofungwa kwa mkanda wa chuma karibu na injini. Juu yake kuna kichwa cheusi chenye tundu la katikati la waya mnene, na pembeni vichwa viwili vidogo vya kufungia nyaya nyembamba.

Alama zilizochongwa kwenye vichwa hivyo hazifasiriwi. Koili za zamani za Lucas ziliandikwa SW upande wa swichi na CB upande wa pointi. Za Bosch huandikwa 15 upande wa swichi, 1 upande wa pointi, na 4 kwenye tundu la volti nyingi. Nyingine zina + na - tu. Mfasiri wa kitabu cha ufundi aziache kama zilivyo kisha aeleze maana yake, kwa sababu fundi ataziona alama hizo hizo kwenye chuma.

Jina lenyewe pia lichunguzwe kwa kutazama aina ya gari. Land Rover za mwanzo, tangu mwaka 1948, zilibebwa na springi za bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Katika magari hayo "koili" ni ya umeme tu. Springi za mzunguko ziliingia na Range Rover ya mwaka 1970, kisha Land Rover One Ten ya mwaka 1983. Kwa magari haya, anayeagiza "koili mbili" bila maelezo zaidi anaweza kuletewa springi. Katika maandishi, "koili ya kuwashia" na "springi ya mzunguko" huondoa shaka.

Neno "moto" katika gereji

"Moto" ni nomino ya ngeli ya U-I (moto huu, mioto hii). Katika lugha ya mafundi neno hili hubeba angalau maana nne:

a) Joto: Injini imepata moto. (Injini imepata joto kali.)
b) Umeme: Waya huu hauna moto. (Hakuna umeme katika waya huu.)
c) Cheche: Plagi ya tatu haitoi moto. (Plagi ya tatu hairushi cheche.)
d) Mwako wa kweli: Waya umeshika moto. (Waya unaungua.)

Kirai "kukata moto" katika lugha ya mitaani humaanisha kufa. Katika gereji, koili "iliyokata moto" ni ile iliyoacha kutoa umeme, ama kwa muda ama kabisa. Matumizi haya ni ya mazungumzo. Katika maandishi rasmi yafaa "imeacha kutoa cheche" au "umeme umekatika".

Sentensi ifuatayo ni ya aina inayosikika kwa mafundi, na kwa mwenye kuizoea haina utata wowote:

Koili ikipata moto, inakata moto.

Kwa fundi, "moto" wa kwanza ni joto na wa pili ni umeme: koili hufanya kazi ikiwa baridi, na huacha kazi ikichemka. Mfasiri aliyezoea tu maana ya (b) anaweza kuelewa kwamba koili huacha kazi umeme unapoifikia. Hilo ni tatizo jingine kabisa. Koili ya namna hiyo haiwezi kuwasha gari hata asubuhi kwenye baridi, na kipimo cha kwanza kitaifichua. Koili inayokufa kwa joto, kwa upande wake, itapita vipimo vyote vya asubuhi, na mwenye gari ataambiwa kuwa haina kasoro. Gari litasimama tena katikati ya mlima, na abiria na mizigo yake.

Kwa hiyo kanuni ya matumizi ni hii: katika maandishi ya ufundi, "moto" ubaki kwa mwako halisi. Kwa maana nyingine andika joto, umeme au cheche. Katika kunukuu usemi wa fundi, neno lake lihifadhiwe na maana yake ifafanuliwe papo hapo.

Kwa nini mlima huifichua koili mbovu

Mji wa Same uko katika nyanda kame, chini ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Shengena katika Upare Kusini kinafikia takriban meta 2,460. Gari linalotoka mjini mchana limekwisha kupata joto kabla halijaanza kupanda, kisha hupanda kwa gia nzito, polepole, huku injini ikifanya kazi kubwa na upepo wa kuipoza ukiwa mdogo.

Mambo mawili hutokea. Kwanza, koili iliyo karibu na injini hupata joto. Waya mwembamba wa ndani uliokwisha kupasuka hutanuka na kuachana, au kihami chake huruhusu umeme uvuje. Pili, dereva anapokanyaga mafuta sana, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa kwa nguvu zaidi ndani ya silinda, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Koili iliyochoka, ambayo kwenye tambarare ilitosha, sasa haitoshi. Injini huanza "kumisi", yaani baadhi ya silinda hukosa kuwaka, kisha huzimika.

Baada ya kusimama kwa muda, koili hupoa na gari huwaka tena. Hapo ndipo lawama huangukia petroli, kwa kuwa mafuta yanayogeuka mvuke kwa joto huleta dalili zinazofanana na hizo. Tofauti hupatikana kwa kupima cheche papo hapo gari linapozimika. Ikiwa cheche ipo na ina nguvu, chunguza mafuta. Ikiwa haipo, chunguza umeme. Kungoja injini ipoe ndipo ipimwe ni kuufuta ushahidi.

Upimaji

Tahadhari: volti za koili huuma vikali na ni hatari zaidi kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Waya mnene ushikwe kwa koleo lenye mpini wa kihami, na pasiwepo petroli iliyomwagika wala mvuke wake.

1. Kutazama. Tafuta ufa kwenye kichwa cheusi, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye kopo, kutu kwenye vichwa vya nyaya, na mstari mweusi mwembamba unaoonyesha njia ambayo cheche imekuwa ikipita isikotakiwa.

2. Kupima umeme unaoingia. Washa swichi ya ufunguo huku pointi zikiwa zimeachana. Kwa koili isiyotumia kizuizi cha nje, vichwa vyote viwili vidogo vionyeshe karibu volti 12. Pointi zikigusana, upande wa pointi ushuke hadi karibu na sifuri. Ikiwa upande wa swichi una volti 12 lakini upande wa pointi hauna kitu hata pointi zikiachana, chomoa waya unaokwenda kwenye distribyuta. Volti zikitokea kwenye kichwa cha koili baada ya hapo, mzingo wa kwanza ni mzima na shoti iko ndani ya distribyuta, kwenye pointi au kondensa. Zisipotokea, mzingo wa kwanza umekatika.

3. Kupima cheche. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distribyuta, uweke ncha yake milimita 5 au 6 kutoka kwenye chuma safi cha injini, kisha zungusha injini kwa stata. Cheche nzuri ni ya samawati na ina mlio. Ya rangi ya machungwa, nyembamba na inayorukaruka ni dhaifu. Usiache uwazi mkubwa zaidi, kwani volti zikikosa njia zitatoboa kihami cha ndani.

4. Kupima ukinzani. Chomoa nyaya zote. Kati ya vichwa viwili vidogo, koili ya kawaida ya volti 12 husoma karibu omu 3; ile iliyoundwa kutumika na kizuizi cha nje husoma karibu omu 1.5. Kati ya kichwa kidogo kimoja na tundu la katikati, usomaji huwa maelfu ya omu. Kati ya kichwa chochote na kopo pasiwe na njia kabisa.

5. Kupima kwa joto. Rudia hatua ya 3 na ya 4 mara tu injini inapozimika. Maltimita hutumia volti chache, hivyo haiwezi kugundua kihami kinachoshindwa kwa volti nyingi tu. Usomaji mzuri haumaanishi kwamba koili ni nzima. Uthibitisho wa mwisho ni kufunga kwa muda koili nyingine inayojulikana kuwa nzima na kupanda mlima ule ule.

Kabla ya kuihukumu koili, safisha pointi na uzirekebishe, kisha ubadilishe kondensa. Kondensa ni ndogo, ni nafuu, nayo pia inaweza kufa kwa joto na kufufuka ikipoa.

Ubadilishaji

Chomoa betri, weka alama kwenye nyaya, legeza mkanda na uitoe koili. Koili mpya ilingane na gari kwa mambo matatu.

La kwanza ni volti: 6 au 12. La pili ni ukinzani. Koili ya omu 1.5 ikiunganishwa moja kwa moja na volti 12 bila kizuizi hupitisha ampea 8 pointi zinapogusana, wakati ile ya omu 3 hupitisha ampea 4. Ampea za ziada zitaunguza pointi na baadaye koili yenyewe. Kinyume chake, koili ya omu 3 ikifungwa nyuma ya kizuizi hutoa cheche dhaifu.

La tatu ni mwelekeo wa umeme. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani, zikiwemo Land Rover za miaka ya 1950 na sehemu ya miaka ya 1960, yaliunganisha ncha chanya ya betri na bodi. Kwa gari la namna hiyo, kichwa cha + cha koili huenda kwenye distribyuta na cha - kwenye swichi. Kwa gari ambalo bodi yake ni hasi, mpangilio hugeuka: + kwenye swichi, - kwenye distribyuta. Ukikosewa, injini huweza kuwaka, lakini cheche huhitaji volti zaidi, na udhaifu huo huonekana tena mlimani.

Koili isifungwe karibu na bomba la moshi. Swichi ya ufunguo isiachwe wazi injini ikiwa imezimwa: pointi zikiwa zimegusana, koili ya omu 3 hupokea wati 48 mfululizo, na joto hilo hufupisha maisha yake.

Makosa ya kawaida ya tafsiri

- "Ardhi" kwa waya wa bodi. Kiingereza hutumia neno lile lile kwa udongo na kwa njia ya kurudishia umeme. Gari liko juu ya matairi, na umeme wake hurudi kwenye betri kupitia chuma cha bodi. Andika "bodi". Mafundi husema "ethi", neno linalofaa katika mazungumzo.
- "Mvutano mkubwa" kwa volti nyingi. Hakuna kinachovutwa. Andika "volti nyingi".
- "Msambazaji" kwa distribyuta. Msambazaji ni mtu au kampuni ya bidhaa. Kifaa kibaki "distribyuta".
- "Alama" au "nukta" kwa pointi. Pointi za gari ni vipande vya chuma vinavyogusana na kuachana.
- "Shoti" kwa kila hitilafu ya umeme. Shoti ni umeme kupita njia ya mkato isiyotakiwa. Waya uliokatika haujapiga shoti, na vipimo vyake ni vingine.
- "Gari hii" na "gari hili". Katika mazungumzo ya mafundi ngeli ya I-ZI hutawala: gari inamisi. Katika maandishi rasmi ya makala za namna hii hutumika LI-YA: gari hili linamisi, magari haya yanamisi.

Mfano wa uhariri

Maelezo ya fundi: Gari inapanda vizuri, ila koili ikishika moto inamisi, moto unakata, ikipoa inawaka.

Maandishi ya ufundi: Gari hupanda vizuri mwanzoni. Koili inapopata joto, baadhi ya silinda hukosa cheche, kisha umeme wa plagi hukatika kabisa. Koili ikipoa, injini huwaka tena.

Katika sentensi ya fundi, "ikishika moto" isifasiriwe kuwa koili iliungua kwa miali. Katika muktadha huu maana yake ni kupata joto, na uthibitisho uko mwishoni mwa kauli hiyo hiyo: kilichoteketea hakiwezi kupoa kikafanya kazi tena. Mfasiri asome kauli nzima kabla ya kuamua maana ya neno moja, na panapobaki shaka amwulize fundi swali moja tu: gari lilipozimika, cheche ilikuwapo?

Tazama pia: cheche, distribyuta, kondensa, mkondo, moto, plagi, pointi, shoti, ukinzani, volti.